Mwiko juu ya Sufuria

Tokeni iliisha saa nane usiku. Nilikuwa macho, nimejifunika blanketi pale mezani, nikisikiliza feni ya laptopu. Kale kamashine ka uniti kalikuwa kamelia tii-tii-tii tangu saa sita, na mimi nikajifanya sisikii. Halafu ruta ikazima, friji ikanyamaza, na nyumba ikabaki na ule ukimya ambao mtu yeyote wa Kiamunyi anaujua: mbwa wa jirani, upepo kutoka upande wa Menengai, basi.

Mum akaita kutoka chumbani. "Mami, ni hiyo kitu yako imemaliza stima?"

"Pole, Mum."

"Na si nilinunua ya soo mbili juzi."

Sikuwa na jibu. Betri ya laptopu ilikuwa imebakisha dakika ishirini hivi. Nikaisimamisha kazi vizuri, nikahakikisha faili za kuanzia ulipoachia zimeandikwa, nikalala nikiwa na aibu.

Hiyo kitu yangu ni simulesheni. Kiswahili cha darasani kingesema uigaji. Ninaiga plazma, yaani gesi iliyopashwa moto hadi atomi zake zikavunjika, ndani ya mashine za fyusheni. Na si plazma yote. Ninaiga ukingo wake tu, na kile kinachotokea ukingo huo ukishindwa kuvumilia. Nilikuwa naifanya kazi hii kwenye meza ya kulia chakula, kwa laptopu ya mitumba ambayo Mum alininunulia zamu yake ya chama ilipofika. Pesa hizo zilikuwa za mabati. Jikoni kwetu bado kunavuja.

Ilikuwa 2023. Nilikuwa nimemaliza digrii ya fizikia na kurudi nyumbani na vyeti ndani ya bahasha ya khaki. Wenzangu mmoja anauza simu mjini, mwingine anafundisha shule ya binafsi, mwingine alienda Gulf na hapendi kuulizwa anafanya nini huko. Mimi nilikuwa nimeona tangazo la nafasi ya uzamili ng'ambo, masomo yamelipiwa. Walitaka mradi mdogo wa utafiti uliofanya mwenyewe, kurasa kumi. Mwisho wa kutuma ulikuwa tarehe 31 Agosti.

Mjomba alikuwa na wazo lingine. Ana duka la vifaa vya ujenzi, na kila Jumapili akija kunywa chai alikuwa akiniuliza, "Na hiyo fizikia yako, inauza misumari?" Anasema akicheka, lakini haikuwa mzaha. Nafasi dukani ilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa, kwa stima ya Mum.

*

Kama ulilelewa kwenye boma lenye ng'ombe hata mmoja, kazi yako ya kwanza ya kisayansi ilikuwa kuchunga maziwa yasifurike. Unasimama kando ya jiko. Maziwa yametulia. Unaangalia tena, yametulia. Unageuka kumwambia ndugu yako aache upuzi, sekunde mbili tu, na ukirudi povu limeshavuka mdomo wa sufuria, moto umezimika, na harufu ya maziwa yaliyoungua imefika hadi kwa jirani. Maziwa hayamwagiki polepole. Yanakaa, yanakaa, halafu yote kwa mara moja.

Plazma iko hivyo.

Wazo la fyusheni ni kuunganisha aina mbili za hidrojeni nzito, diteriamu na tritiamu, ziwe heliamu, na kuvuna nishati inayotoka. Jua pia linaishi kwa kuunganisha hidrojeni. Jua lina uzito wake mkubwa wa kujibana. Sisi hatuna, kwa hivyo lazima tutumie joto: digrii milioni 150 hivi, mara kumi ya katikati ya jua. Hakuna sufuria ya joto hilo. Kwa hivyo plazma inashikiliwa hewani kwa sumaku, katika umbo la tairi, ndani ya mashine inayoitwa tokamaki. Jina ni la Kirusi. Wasovieti walizianzisha miaka ya 1950.

Mwaka wa 1982, huko Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake walikuwa wanapasha moto plazma kwenye tokamaki iitwayo ASDEX. Moto ulipopita kiwango fulani plazma ikabadilika yenyewe, ghafla, na ikaanza kuhifadhi joto karibu mara mbili kuliko awali. Ilikuwa imejijengea ukuta ukingoni, eneo jembamba la sentimita chache ambapo presha inashuka kwa kasi. Kama umewahi kusimama pale juu Menengai unajua ninachosema: uko kwenye nyasi, watu wanapiga selfi, hatua moja mbele, na chini ni mbali sana. Ukingo wa plazma ni mteremko wa aina hiyo.

Kila mtu alifurahi, maana ukuta ule ulimaanisha mashine ndogo inaweza kufanya kazi ya mashine kubwa. Lakini ukuta ulikuja na tabia zake. Presha ikijaa nyuma yake, unapasuka. Unatema joto na chembe nje, unatulia, unajijenga upya, unapasuka tena. Milipuko hiyo ya ukingoni inaitwa ELM kwa kifupi. Inasukumwa na vitu viwili vinavyosaidiana: presha inayotaka kuvimba nje kama tyubu ya baiskeli pale tairi lilipolegea, na mkondo wa umeme unaopita ukingoni, unaotaka kuumenya ule ukingo kama ganda la chungwa. Wataalamu wameunganisha majina hayo mawili, kumenyeka na kuvimba, na mimi naona walichagua vizuri.

Kwenye mashine ndogo ELM ni usumbufu. Kwenye ITER, ile kubwa inayojengwa kusini mwa Ufaransa, ni hatari. Inakadiriwa kwamba mlipuko mmoja mkubwa usiodhibitiwa unaweza kutema megajuli 20 hivi, kwa muda usiofika milisekunde moja. Geuza kwa hesabu ya mita yetu. Megajuli 3.6 ni uniti moja, kwa hivyo hapo kuna uniti zaidi ya tano. Hiyo ni stima ya nyumba yetu ya siku mbili, inapigwa kwenye ukuta wa ndani wa mashine kabla hata hujaanza kupepesa jicho. Halafu inarudi tena. Na tena. Ukuta ni wa tangsteni, ambayo haiyeyuki hadi digrii 3,400 na kitu, lakini hata tangsteni ina siku yake.

Mum ana dawa ya maziwa. Analaza mwiko juu ya sufuria, kutoka ukingo huu hadi ule. Povu likipanda linagusa mbao, mapovu yanapasuka, linashuka. Wanafizikia nao walipata mwiko wao. Mwaka wa 2004, kwenye tokamaki ya DIII-D huko San Diego, Todd Evans na wenzake walionyesha kwamba ukiweka koili ndogo pembeni na kuuvuruga uga wa sumaku kidogo tu, ukuta unaanza kuvuja polepole badala ya kupasuka. Unapoteza joto kidogo kila wakati ili usipoteze jingi kwa mara moja. ITER imepangiwa koili 27 za kazi hiyo.

Sasa, hutaki kujifunza pa kulaza mwiko kwa kuunguza sufuria ya mabilioni. Ndiyo maana watu wanaiga kwanza kwa kompyuta.

*

Programu niliyotumia inaitwa BOUT++. Ben Dudson wa Chuo Kikuu cha York na wenzake, wakiwemo wa maabara ya Livermore kule California, waliieleza kwenye makala ya 2009, na ni ya bure. Yaani bure kabisa, mtu yeyote mwenye bando anaipakua. Nakumbuka siku hiyo nikifikiria kwamba watu wa Livermore wana supakompyuta za kujaza ghala, na mimi nina laptopu yenye kitufe cha E kilichong'oka, lakini hesabu tunayoipiga ni ileile. Ilinipa kiburi kidogo. Ngoja.

Ndani yake kuna folda ya mifano, na mmoja ni wa ELM. Unapewa plazma iliyokatwakatwa kwenye gridi: vituo 68 kutoka ndani kwenda nje, vituo 64 kuzunguka upande mfupi wa tairi. Upande wa tatu, ule wa kulizunguka tairi lote, unajichagulia mwenyewe idadi ya vituo. Kwenye kila kituo kompyuta inafuatilia presha, mzunguko wa plazma, na jinsi uga wa sumaku unavyopindwa. Unaisukuma kidogo sana, halafu unaangalia: msukumo utakufa, au utakua?

Ukikua, mwanzoni unakua kwa utaratibu. Unaongezeka mara mbili, halafu mara mbili tena, kwa muda uleule. Ukichora kwa logi unapata mstari ulionyooka, na mteremko wa mstari huo ndio jibu lako la kwanza. Hiyo sehemu nilimaliza kwa wiki mbili, na namba zangu zilikaribiana na za wengine. Nilirukaruka pale sebuleni hadi ndugu yangu mdogo akauliza kama nimepata kazi.

Lakini mimi nilitaka mlipuko wenyewe. Nilitaka kuona ukuta unapasuka. Hapo ndipo mambo yanakuwa mazito, maana mawimbi makubwa yanazaa madogo, na madogo yanazaa madogo zaidi, na kila dogo linahitaji vituo vya kutosha ili lionekane. Kwa upande ule wa kujichagulia, nilihitaji vituo 64 au zaidi. Niliacha 16. Sababu yangu haikuwa ya kisayansi. Vituo 64 vingechukua zaidi ya mara nne ya muda, na muda ni tokeni.

Simulesheni ilikesha usiku tano. Ilikuwa ikikaribia jambo gumu inapunguza hatua zake, inajikokota kama mtu anayetembea barabara za ndani za Kiamunyi baada ya mvua, kila hatua anapima asiache kiatu kwenye matope. Usiku wa tano ikapita. Nilipochora picha nilikuta vidole vya plazma vimechomoka ukingoni, vyekundu, vizuri, na presha nyuma yake imeshuka kwa ghafla. Mlipuko. Ulikuja mahali nilipoutaka, kwa ukubwa nilioutaka.

Nilimwonyesha Mum. Aliitazama ile picha kwa muda, miwani imeshuka puani, akasema, "Inafanana na ua." Jumamosi yake aliwaambia wanawake wa chama kwamba msichana wake ametengeneza jua ndogo ndani ya laptopu. Wakapiga makofi. Mmoja alinitumia mia mbili kwa simu, "ya bando."

Nikaandika kurasa kumi. Grafu ya mlipuko ikawa ukurasa wa tatu. Nikatuma tarehe 21 Agosti, mapema, kama mtoto anayetaka kusifiwa. Nakala moja nikampelekea mwalimu aliyenifundisha chuoni, amestaafu siku hizi, anafuga kuku.

Alijibu Alhamisi kwa mstari mmoja. "Kazi nzuri. Uliongeza gridi ukaona kama inabaki?"

*

Nitakuambia jambo ambalo mtu wa simulesheni analijua kwa tumbo. Kuna kupasuka kwa aina mbili. Kuna pale ambapo hesabu inapasuka kwa sababu plazma halisi ingepasuka. Na kuna pale inapopasuka kwa sababu wewe umeikosea: gridi yako ni nene mno, mawimbi madogo yamekosa pa kwenda, nishati imejazana kwenye kona kama watu kwenye mlango wa matatu, na mwisho kitu kinafura. Kwa nje zinafanana. Zote mbili zina grafu inayopanda. Zote mbili zinakufurahisha kama ulikuwa unaingoja.

Zinatofautiana kwa jambo moja. Ukipunguza mwanya wa gridi, ya kweli inabaki palepale. Ya uongo inahama, au inatoweka.

Sikuwa na haja hata ya kuongeza gridi. Nilifungua tu data mbichi, kituo kwa kituo, bila ile programu ya kuchora inayolainisha picha. Namba zilikuwa zinapanda na kushuka kutoka kituo hadi kituo, juu, chini, juu, chini, kama meno ya msumeno. Hakuna plazma inayofanya hivyo. Vidole vyangu vizuri vilikuwa ni meno ya msumeno yaliyopakwa rangi.

Bado nilijaribu kujitetea. Nikaweka vituo 32 na kuianzisha kutoka katikati. Ijumaa jioni ikafika mahali pa mlipuko, ikapita, na hakuna kilichopasuka. Ukingo ulikuwa bado unavimba, polepole, lakini mlipuko wangu haukuwepo.

Nilikuwa bado nimekodolea macho skrini wakati stima ilipotea. Nikadhani ni tokeni. Ndugu yangu akatoka nje na kurudi akisema mtaa mzima ni giza, na mji pia ni giza, hata ile mng'ao wa kawaida upande wa Nakuru hakuna. Simu zikaanza kuleta habari: Nairobi hakuna, Mombasa hakuna, uwanja wa ndege hakuna. Ilikuwa tarehe 25 Agosti 2023, usiku ambao karibu nchi nzima ilizimika.

Mum hakushtuka. Aliwasha jiko la makaa pale nje mlangoni, akabandika maziwa ya chai, akalaza mwiko juu. Nikakaa kwenye kistuli kando yake. Nyota zilikuwa nyingi kuliko nilivyowahi kuziona nikiwa Kiamunyi.

"Mum, ile picha nilikuonyesha si ya kweli."

Akanyamaza kidogo. "Ulidanganya?"

"Sikudanganya. Nilidanganyika." Nikamweleza kuhusu gridi kwa kutumia chekecheke: ukitaka kupata mawe madogo kwenye mchele na chekecheke yako ina matundu makubwa, utaapa kwamba mchele ni safi.

"Na karatasi ushatuma?"

"Nishatuma."

"Kuna mtu atajua?"

Hilo ndilo swali nililokuwa najiuliza tangu Alhamisi. Wangesoma maombi mangapi? Nani angeongeza gridi ya msichana wa Kiamunyi? Nikasema, "Pengine hakuna."

Maziwa yakapanda, yakagusa mwiko, yakashuka. Mum akaanza kunisimulia kitu ambacho sikuwahi kukisikia. Alipokuwa darasa la sita alikuwa anasambaza maziwa ya Cucu kwa wateja asubuhi, kabla ya shule. Siku moja alijikwaa, yakamwagika kiasi cha kikombe kimoja. Akajazia maji ya mtaro. Hakuna mteja aliyejua. Jioni akamwambia Cucu mwenyewe, kwa sababu tumbo lilimuuma siku nzima.

"Alikupiga?"

"Afadhali angenipiga. Alinipeleka kwa kila nyumba. Nyumba saba. Kila mlango naambiwa, sema. Na mimi nasema: leo maziwa yalikuwa na maji, mimi ndiye nilitia."

"Wakaacha kununua?"

"Wawili waliacha." Akainua mwiko, akatia majani. "Watano wakabaki. Hao watano walinunua kwetu hadi nikaolewa."

Hakuniambia nifanye nini. Alinipa chai.

Simu yangu ilikuwa na asilimia 31. Niliandika ile barua pepe palepale kwenye kistuli, kwa kidole gumba. Nilisema grafu ya ukurasa wa tatu haionyeshi ELM, inaonyesha kosa la gridi, na kosa ni langu. Nilisema sehemu ya kwanza, ile ya mstari ulionyooka, imekaguliwa na inasimama. Niliambatanisha picha ya meno ya msumeno. Mtandao ulikuwa unasuasua, na ile duara ikazunguka muda mrefu kiasi kwamba ningeweza kubadilisha mawazo mara kumi. Halafu ikaenda.

*

Sikupata nafasi. Jibu lilikuja Oktoba, lile la kawaida, walipokea maombi mengi mazuri. Hawakutaja grafu. Nililia siku moja na nusu, na Jumapili Mjomba alipokuja hakuuliza kuhusu misumari, jambo ambalo liliniuma zaidi.

Nilianza kufundisha hesabu watoto wa mtaa jioni, wale wa kidato cha tatu na cha nne, sita kwanza, halafu kumi na mmoja. Wanakaa kwenye meza ileile. Pesa ya kwanza nilinunua tokeni, ya elfu moja, nikaingiza mwenyewe zile namba ishirini huku Mum akinitazama.

Februari 2024 kukawa na habari. JET, tokamaki kubwa ya Culham, Uingereza, iliyofungwa Desemba kabla yake baada ya miaka 40 ya kazi, ilikuwa imevunja rekodi katika majaribio yake ya mwisho: megajuli 69 za nishati ya fyusheni katika sekunde tano hivi, kutokana na fueli ya miligramu 0.2. Nilimsomea Mum. Akauliza swali sahihi kuliko waandishi wote: "Hizo ni uniti ngapi?"

Nikapiga hesabu. Sitini na tisa gawanya kwa 3.6. "Kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Dunia nzima?"

"Na stima iliyotumika kuendesha mashine ilikuwa nyingi kuliko hizo."

Alicheka hadi akavua miwani. Mimi pia nilicheka, halafu nikapiga hesabu nyingine ambayo sikumwambia. Laptopu yangu inakula wati 60 hivi. Ikikesha na kushinda, siku kumi na tatu na kitu, inamaliza uniti 19. Yaani rekodi ya dunia ya fyusheni ingeendesha simulesheni yangu moja, wiki mbili kasoro.

"Sasa hii kitu itawasha taa lini?" aliuliza. Huwa ananiuliza, na huwa najibu vibaya, nataja miaka ambayo hata mimi siiamini. Siku hiyo nilimjibu na Olkaria. Visima vya kwanza vya kujaribu mvuke kule Olkaria vilianza kuchimbwa 1956. Vilikataa. Watu wakaacha, wakarudi, wakachimba tena. Stima ya kwanza ya mvuke iliingia kwenye nyaya mwaka wa 1981, miaka 25 baadaye, megawati 15 tu. Leo mvuke ndio unaobeba mzigo mkubwa wa stima ya Kenya, na hapa kwetu, nyuma ya ukingo wa Menengai, walianza kuchimba 2011. Aliyeshika dreli 1956 pengine naye aliulizwa na mama yake.

Mum akafikiria. "Lakini huyo alikuwa analipwa."

"Ni kweli," nikasema. Kwa sababu ni kweli.

Sitaki kukuambia kwamba kila kitu kimekaa sawa. Ninatuma maombi tena mwaka huu, na mwaka huu pengine pia watapokea mengi mazuri. Kuna siku naona Mjomba ana haki. Lakini nimeiendesha tena ile simulesheni, vituo 64, kwa tokeni zangu, mchana na usiku. Mlipuko ulikuja. Ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, tena ulichelewa, na vidole vyake havikuwa vizuri hata kidogo. Nikaongeza gridi hadi 128 kwa kipande kile kifupi cha mlipuko peke yake, na nikangoja siku nane nikiwa siwezi kula vizuri.

Siku ya tisa Mum alinikuta mezani asubuhi, wanafunzi hawajafika, chai imepoa mbele yangu. Akaegemea begani mwangu kuangalia skrini. Hakuuliza itawasha taa lini.

"Hii imepasuka yenyewe," akasema, "ama ni wewe?"

Nikafungua data mbichi, kituo kwa kituo, nikamwonyesha. Hakukuwa na meno.

"Yenyewe," nikasema.

"Haya," akasema, akachukua kikombe changu kwenda kukipasha moto.